Viola Pekee mbele ya Picha: Fanani na Hadhira katika Mtaa wa Jericho

Makala haya yanaeleza namna utumbuizo wa mpigaji mmoja wa viola unavyoweza kukaa pamoja na maonyesho ya sanaa ya kisasa, yakichukua Jericho, Nairobi, kuwa kipimo. Jericho haujulikani kwa viola. Unajulikana kwa nyumba za baraza la jiji, kwa soko lake, na kwa jirani yake Ofafa Jericho, wenye jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953.

Viola ni ndugu mkubwa wa fidla: ina nyuzi nne na sauti nzito zaidi. Katika okestra hujificha katikati. Kwa hiyo ikisimama peke yake huwa na ugeni fulani. Paul Hindemith, mpigaji viola mwenyewe, alitunga mwaka 1922 sonata ya viola pekee ambayo sehemu yake ya nne inamwagiza mpigaji asijali uzuri wa sauti. Agizo hilo haliwezi kumshangaza mkazi wa Eastlands aliyewahi kusikia orutu, zeze la Waluo lenye uzi mmoja. Mkwaruzo wa uta wake ni utamu, si kasoro.

Ugumu uko kwenye muda. Mbele ya picha, mtazamaji ndiye anayeamua akae dakika moja au kumi. Mbele ya fanani, hana hiari hiyo. Vikiwekwa pamoja bila kufikiriwa, muziki hugeuka pambo la ukutani, au picha hugeuka pazia la jukwaa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaifahamu dawa yake: fanani ahame. Apige kipande kifupi mbele ya mchoro mmoja, anyamaze, aende kwa mwingine, na hadhira imfuate kama imfuatavyo mtambaji anayezunguka uwanjani. Mpigaji mmoja hahitaji jukwaa wala vipaza sauti, na kuta tupu za saruji huirudisha sauti kwa ukarimu.

Ujirani huu wa sanaa si ndoto. Kituo cha GoDown, kilichofunguliwa mwaka 2003 katika ghala la Barabara ya Dunga, kiliwaweka wachoraji na wanamuziki katika ua mmoja. Wasanii wa Wajukuu, kutoka Mukuru, walishiriki maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, na mabati yao yakafunika lango la ukumbi. Huenda Wajerumani wengi waliiona kazi hiyo kuliko majirani wa Jericho, ambao kwao nyumba nyingi za maonyesho ziko upande wa pili wa jiji, nauli mbili mbali.

Linabaki suala la maneno. Kadi zinazobandikwa kando ya picha, na karatasi ya ratiba ya muziki, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Uta, uzi, mkwaruzo, kiitikio: msamiati upo tayari, na wa kuziandika kadi hizo ni wanafunzi wa Kiswahili.