Njia ya Kufika Katika Uwakili wa Makampuni: Mwongozo kwa Vijana wa Eastlands

Mwanafunzi wa Kayole, Dandora au Kaloleni anayetaka kuwa wakili wa makampuni anahitaji angalau miaka mitano na nusu ya masomo na mafunzo baada ya sekondari. Wengi hukwama njiani kwa kukosa habari au karo, wala si kwa kukosa akili. Mwongozo huu unaeleza kila hatua.

Kazi yenyewe

Wakili wa makampuni haonekani sana kortini. Huandika mikataba, husajili kampuni na kukagua mali na madeni ya biashara inayouzwa. Benki za NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019 na kuwa NCBA, kwa mfano, muungano huo ulihitaji idhini ya Benki Kuu; kazi ya aina hiyo haikamiliki bila mawakili. Sheria kuu katika fani hii ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015.

Alama za shule

Safari huanzia kidato cha nne. Sheria ya Chuo cha Mafunzo ya Sheria Kenya (KSL) ya mwaka 2012 inataja wastani wa C+ katika KCSE na B ya kawaida katika Kiingereza au Kiswahili. Tafsiri ya kipengele hicho imebishaniwa mahakamani zaidi ya mara moja, lakini mwenye alama hizo hana haja ya kungoja korti imfungulie mlango. Hivyo, anayedharau Kiswahili kwa kuwa "ni lugha ya nyumbani" anajifungia njia.

Chuo kikuu hadi kiapo

Shahada ya sheria huchukua miaka minne. Kabla ya kulipa karo, mzazi ahakikishe kwamba chuo kina leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Baadaye mwanafunzi hujiunga na KSL mtaani Karen, hufanya mitihani ya masomo tisa, kisha hukaa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu. Akifaulu, huapishwa na Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili.

Karo

Hapa ndipo familia nyingi hulemewa. Ada ya KSL pekee imekuwa ikifikia takriban shilingi 190,000, mbali na nauli na chakula. Shahada ya kwanza inaweza kugharamiwa kwa mkopo wa HELB na basari ya NG-CDF ya eneo bunge. Ada ya KSL ipangiwe mapema, tangu mwaka wa pili chuoni, badala ya kuitishia harambee dakika za mwisho.

Kupata nafasi

Kampuni kubwa za mawakili za Upper Hill na Westlands hupokea maombi mengi kuliko nafasi zilizopo. Asiye na mjomba ofisini hana budi kuonyesha kazi yake:

• Atume maombi ya mafunzo kazini mapema, kwa barua isiyo na kosa hata moja.
• Asome hukumu za biashara kwenye tovuti ya Kenya Law, bila malipo.
• Ahudhurie vikao vya wazi vya kitengo cha biashara na kodi cha Mahakama Kuu, Milimani.
• Ajiunge na mashindano ya kesi za kuigiza chuoni.
• Atumie maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara akikosa utulivu nyumbani.

Aliyelelewa karibu na Gikomba au karakana za Kariobangi anajua jinsi mkopo, bidhaa na deni vinavyozunguka. Ujuzi huo una thamani kwenye mahojiano, akiweza kuueleza kwa lugha ya sheria. Aangalie tu jambo moja: Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo.

Njia nyingine

Asiyefika KSL anaweza kusomea ukatibu wa kampuni kupitia mitihani ya KASNEB. Sheria ya Makampuni inaitaka kampuni binafsi yenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 au zaidi iwe na katibu. Kazi hiyo humweka kijana katika mikutano ya wakurugenzi, na wapo wanaoifanya pamoja na uwakili.