Spika za darini: Mambo ya kujua kabla fundi hajatoboa jipsamu

Sebule nyingi za siku hizi zina dari ya jipsamu, taa za kuzama na TV kubwa ukutani. Kinachoharibu muonekano ni muziki: sabufa chini ya TV, spika kila kona na waya zilizopita chini ya zulia. Ndiyo maana wengi wanaojenga wanaomba spika zifichwe darini, kibaki kiwavu cha duara tu kinachofanana na taa.

Wazo ni zuri, ila tundu la jipsamu likishakatwa halirudi. Spika ikikaa pabaya, muziki unasikika kama unatoka ndani ya debe, na kuziba tundu maana yake ni kupiga skimu na rangi upya.

Chumbani nako kunasikika

Spika ya kawaida ina boksi lake. Spika nyingi za darini hazina. Zinatumia uwazi ulio juu ya dari. Sauti haitoki mbele tu, inatoka na nyuma pia.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika nyumba nyingi kuta za vyumba zinaishia kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja hadi kwenye mabati. Muziki wa sebuleni unatembea huko juu na kushukia chumba cha watoto.

Dawa yake ni boksi la nyuma, la kununua au la kuchongwa na fundi seremala kwa mbao nzito. Linazuia sauti kusambaa, linaikinga spika na vumbi, na panya hawaifikii. Ila lisiwe dogo kupita kiasi, maana boksi dogo linaua besi. Kipimo chake hutolewa kwenye maelezo ya spika yenyewe.

Zikae wapi?

Kosa la kawaida ni kuzipanga kwa kufuata taa. Taa inaangalia urembo, spika inaangalia masikio.

Kwa dari ya mita 3, spika mbili zikiachana mita 2 hadi 2.5 sauti inajaa vizuri. Zisisogee ukutani, ziachwe angalau sentimita 60, kwa sababu kona hufanya besi ivume. Zile ambazo twita yake inageuzwa ni bora zaidi, kwani inaelekezwa kwenye makochi.

Kwa sebule ya kawaida, inchi 6.5 inatosha. Sebule kubwa au dari ya juu inahitaji inchi 8. Spika nzito isining'inie kwenye jipsamu peke yake, ifungwe kwenye mbao au fremu ya dari. Ikilegea, dari nzima inatetemeka na kutoa mlio.

Amplifaya isije ikaungua

Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, amplifaya inaona omu 4. Zikiwa nne, inaona omu 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Zinapata moto na kuzima, au kuungua kabisa.

Pia kuna spika za volti 100, zile za supamaketi na kumbi. Kwa nje zinafanana na za nyumbani, lakini zinahitaji amplifaya yake. Ni muhimu kuuliza dukani kabla ya kulipa.

Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa umbali wa kawaida wa sebuleni. Ukiwa mrefu sana, 2.5 ni salama zaidi. Amplifaya yenyewe ibaki chini, kwani joto chini ya mabati mchana ni kali.

Sabufa ibaki chini

Spika ya darini haitoi besi nzito. Bahati nzuri, sikio la mtu halitambui kirahisi besi ya chini kabisa inatokea upande gani, hivyo sabufa inaweza kufichwa nyuma ya kochi na watu wasijue ilipo.

Kwa wapenda filamu, spika za mbele zikae karibu na TV. La sivyo mwigizaji anaongea kwenye skrini, sauti inatoka utosini. Za darini ziachiwe kazi ya mvua, helikopta na muziki wa mapumziko. Mfumo wa Dolby Atmos, ulioingia majumbani mwaka 2014, unatumia spika za juu kwa kazi hiyo hiyo.

Rangi na jaribio la mwisho

Kiwavu kinaweza kupakwa rangi ya dari, lakini kivuliwe kwanza na kipulizwe rangi nyepesi. Brashi inaziba vitundu, na sauti inafifia.

Kabla jipsamu haijafungwa, waya zote zipigwe picha kwa simu na kila spika ijaribiwe kwa wimbo ambao mwenye nyumba anaujua vizuri. Kasoro ikionekana siku hiyo, fundi anairekebisha kwa bisibisi. Ikionekana baada ya rangi, atahitaji msumeno.