Kishikizi na Kiunganishi: Somo la Istilahi kutoka Jiko la Kamukunji

Katika karakana za jua kali za Kamukunji, karibu na mtaa wa Shauri Moyo, Eastlands jijini Nairobi, mafundi huunda jiko la makaa lililoanza kuenea nchini Kenya mapema katika miaka ya 1980. Jiko hilo, ambalo asili yake ni jiko la ndoo la Thailand, lina gamba la bati na kikombe cha udongo uliochomwa. Baina ya viwili hivyo hutiwa mchanganyiko wa sementi na vemikulaiti. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba ndani ya jiko hilo mna viambato viwili vya kushikanisha, na kwamba Kiswahili hakina budi kuvitofautisha kwa majina.

Kiambato cha kwanza ni maji. Maji huzifanya chembe za udongo ziteleze, zishikane na kufuata umbo la kalibu. Hata hivyo, kazi yake ikiisha, sharti yaondoke, tena polepole. Udongo ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Ukiingizwa tanurini ungali na unyevu, mvuke huulipua. Moto ndio unaozifunga chembe moja kwa moja. Kiambato cha pili, sementi, hakiondoki: hudumu pamoja na jiko.

Viwanda vya kisasa vinavyounda vipuri vidogo kwa unga wa metali au wa kauri hufuata kanuni iyo hiyo ya maji. Kwa kuwa unga wa metali hauna unyumbufu wa udongo, huchanganywa na nta na plastiki, ambazo aghalabu huchukua takriban asilimia 40 ya ujazo. Mchanganyiko huo hupashwa moto na kusukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu. Kisha nta na plastiki huondolewa kwa joto au kwa kimiminika cha kuyeyushia, na umbo lililosalia huokwa bila kufikia kiwango cha kuyeyuka, hadi chembe zishikamane. Hapo kipuri hunywea kwa takriban asilimia 15 hadi 20 ya urefu wake.

Je, kiambato hiki kiitweje? ‘Gundi’ hubaki, na ‘kiunganishi’ tayari ni aina ya neno katika sarufi, nacho pia hubaki ndani ya sentensi. Jina linalofaa ni ‘kishikizi’, kutokana na kitenzi ‘shikiza’, chenye maana ya kushikisha kwa muda. Fundi cherehani hupiga bandi, akashona, kisha akaitoa bandi, nguo ikabaki.

Tofauti hii si ya madaftarini tu. Mwanagenzi anayefundishwa kwa Kiswahili kwamba maji na sementi vyote ni ‘gundi’ hataona sababu ya kusubiri udongo ukauke. Gharama ya istilahi hiyo ataiona tanurini, vikombe vitakapopasuka.