Padri De Rossi na Vitabu vya Kale vya Wayahudi

Kila siku twasali Zaburi katika Breviari, na mara nyingi twasikia Manabii katika Misa. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa Kiebrania. Nani basi aliyetutunzia Kiebrania hicho? Tuseme kweli: ni Wayahudi, walioyanakili kwa mkono, herufi kwa herufi, karne kwa karne. Leo twataka kueleza habari za padri mmoja aliyelitambua deni hilo, akatumia maisha yake kukusanya vitabu vyao.

Vitabu vya kale vya Kiebrania ni haba, na sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ya heshima. Kitabu chenye Jina la Mungu kikichakaa, Wayahudi hawakitupi wala hawakichomi. Hukiweka katika chumba kiitwacho geniza, kisha mara nyingi hukizika kama vile mtu azikwavyo.

Sababu ya pili ni ya aibu, nayo ni yetu. Tarehe 9 Septemba 1553, mjini Roma, katika uwanja wa Campo de' Fiori, vitabu vya Talmudi vilichomwa moto kwa amri ya Inkwizisio. Talmudi ndiyo yenye mafundisho ya walimu wa Wayahudi juu ya Torati. Katika nakala zake za kale za mkono, moja tu imebaki yenye karibu maneno yote: iliandikwa mwaka 1342, nayo imehifadhiwa München, Ujerumani. Vitabu vingine vilipona moto lakini vikapita mikononi mwa wakaguzi. Hao walifuta mistari kwa wino, wakatia sahihi yao mwishoni.

Padri Giovanni Bernardo De Rossi alizaliwa mwaka 1742 katika Piemonte, upande wa kaskazini wa Italia. Mwaka 1769 aliitwa Parma kuwa profesa wa lugha za Mashariki. Hapo alianza kutafuta na kununua vitabu vya Kiebrania, kimoja kimoja, hata akawa na nakala za mkono zaidi ya 1.400, pamoja na vitabu vingi vya chapa ya kwanza. Kimoja ni Mishna iliyoandikwa katika karne ya 11. Kingine ni maelezo ya Rashi juu ya Torati, yaliyopigwa chapa Reggio Calabria mwaka 1475: ndicho kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichopigwa chapa ambacho chataja mwaka wake.

Mtu aujuaje mwaka huo? Atazame ukurasa wa mwisho, ambapo mwandishi au mpiga chapa hutaja jina lake, mji na mwaka. Wayahudi huhesabu miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, nao hutumia herufi kama tarakimu. Mara nyingi huacha kuandika elfu tano. Kwa hiyo akikuta herufi zenye jumla ya 235, aongeze 1240: atapata 1475.

Je, padri huyu alikusanya kwa kujivunia mali? Sivyo. Alitaka kulinganisha nakala nyingi za Agano la Kale, aone zinapotofautiana. Kazi hiyo aliitoa katika mabuku manne, tangu 1784 mpaka 1788. Tofauti zilikuwa nyingi kwa hesabu, lakini kwa kawaida ndogo: herufi moja hapa, neno moja pale. Tangu mwaka 1947, katika mapango ya Qumran, zikaonekana nakala zilizozipita zile za De Rossi kwa miaka elfu na zaidi. Hata katika kitabu kikubwa cha Isaya cha Qumran, chenye tofauti zake ndogo nyingi, twamtambua Isaya yule yule tumsomaye.

Mwaka 1816 De Rossi aliviuza vitabu vyake kwa Maria Luisa, mtawala wa Parma, mke wa Napoleon. Kwa hiyo havikutawanyika. Mpaka leo viko katika maktaba ya Palatina huko Parma, na wataalamu, Wayahudi na Wakristu, huenda kuvisoma.

Ndugu wapenzi, tusisahau mambo yote mawili: mikono ya Wakristu iliyowasha moto Roma, na mikono ya padri iliyokusanya vilivyopona. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha urithi wa kiroho tulio nao pamoja na Wayahudi. Hatuwezi kuupenda urithi na kuwadharau waliotutunzia. Siku tutakapoona Kiebrania kigumu darasani, tuwakumbuke waandishi wale, kisha turudie somo letu tangu Alefu.