Nyama mbichi Petite Barrière: Hatari huanzia mikononi kabla ya kufika mdomoni

GISENYI – Mpaka unapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya Petite Barrière huwa imekwisha kujipanga. Wapo wenye vikapu vya nyanya na karoti, wenye trei za mayai, wenye kuku waliofungwa miguu. Walemavu husukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni magunia. Katikati ya foleni hiyo wapo akina mama wenye mabeseni yaliyofunikwa kwa plastiki. Ndani yake mna nyama ya ng'ombe au ya mbuzi iliyochinjwa alfajiri, ambayo bado ina uvuguvugu.

Ng'ambo ya pili ni Birere, mtaa wa Goma unaopakana na kizuizi. Huko nyama hiyo itaingia kwenye sufuria, au itatungwa kwenye vijiti vya mishikaki, ambayo wakazi wa pande zote mbili huiita brosheti. Pande zote mbili nyama huchomwa au kuchemshwa hadi iive, wala hakuna anayeagiza mbichi.

Lakini mbali na Ziwa Kivu kuna watu wanaolipa pesa nzuri ili wasiipike. Katika Marekani na Ulaya umeenea mlo unaodai kurudi kwa watu wa zama za mawe: nyama mbichi, maini mabichi, mafuta ya mnyama na maziwa yasiyochemshwa. Wanaoufuata husema moto huharibu virutubisho na kwamba mwili wa binadamu uliumbwa kabla ya jiko. Video zao hufika kwenye simu za Goma na Gisenyi kama zinavyofika kwingineko. Aliyevuma zaidi ni Mmarekani Brian Johnson, anayejiita Liver King, ambaye alijirekodi akitafuna maini mabichi na kusema misuli yake imetokana na mlo huo. Desemba 2022 alikiri kwamba alikuwa akitumia dawa za kujenga misuli.

Kwa mchuuzi wa Petite Barrière habari hizi si za kuchekesha tu. Yeye hali nyama mbichi, lakini huishika kwa mikono mitupu saa nyingi kila siku, pengine kuliko hao wanaoila.

Wanaoila kwa desturi

Kula nyama mbichi si jambo geni katika Afrika Mashariki. Wahabeshi wana tere siga, minofu ya ng'ombe inayokatwa na kuliwa papo hapo kwa pilipili. Wana pia kitfo, nyama iliyosagwa na kuchanganywa na samli yenye viungo, ambayo asili yake ni kwa Wagurage. Wamasai wa Kenya na Tanzania hunywa damu, mara nyingi ikiwa imechanganywa na maziwa, na figo la mnyama aliyechinjwa sasa hivi huliwa likiwa bado na joto. Ubelgiji, iliyotawala pande zote mbili za mpaka huu hadi 1960 kwa Kongo na 1962 kwa Rwanda, ina nyama yake ya kusaga inayopakwa juu ya mkate bila kupikwa.

Desturi hizi zina masharti yake. Nyama huliwa mara tu baada ya mnyama kuchinjwa, na mlaji humjua mnyama na mchinjaji wake. Hata hivyo gharama haikosekani. Kwa karne nyingi Wahabeshi wamekunywa dawa ya maua ya mti wa koso, ambao wataalamu huuita Hagenia abyssinica, ili kutoa tegu tumboni. Mti huohuo huota kwenye milima ya Virunga, juu ya Gisenyi. Walaji wa nyama mbichi walihitaji dawa hiyo kwa sababu minyoo waliwapata kweli.

Hoja ya kwamba binadamu aliumbwa kwa nyama mbichi nayo ina mpinzani aliyefanya kazi hapa jirani. Richard Wrangham, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, amewachunguza sokwe wa msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, tangu 1987. Katika kitabu alichotoa mwaka 2009 alieleza kuwa moto ndio uliotufanya binadamu. Chakula kilichopikwa hutafunika upesi na kutoa nguvu zaidi, na ndicho kilichoruhusu tumbo kupungua na ubongo kukua. Sokwe hutumia saa nyingi za mchana kutafuna, na binadamu anayepika huzipata saa hizo kwa kazi nyingine, ikiwamo biashara.

Ni kweli kwamba moto hupunguza baadhi ya vitamini. Watu wa nchi za barafu, wasio na shamba wala mti wa matunda, walipata vitamini C kwenye nyama na viungo vibichi. Lakini foleni ya Petite Barrière hubeba pia mchicha, pilipili, kabeji na maracuja. Mkazi wa Goma hana haja ya kuitafuta vitamini hiyo kwenye ini bichi.

Kinachoishi ndani ya nyama

Mkaguzi wa machinjio hupasua misuli ya mashavu ya ng'ombe, ulimi na moyo. Humo ndimo anamotafuta vifuko vidogo vyeupe, mfano wa punje za mchele, ambavyo ni mabuu ya tegu. Mtu akivila vikiwa hai, mnyoo hukua tumboni mwake hadi kufikia mita kadhaa. Mchuuzi aliyenunua vipande kwa mtu wa njiani hawezi kujua kama mashavu ya mnyama yule yalipasuliwa. Anachoweza kukitegemea ni muhuri tu.

Nyama ya nguruwe, ambayo Wanyarwanda huiita akabenzi, ina hatari zaidi. Anayeila bila kuiva hupata tegu wa nguruwe. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mtu, na yakiingia kwenye chakula au maji ya mtu mwingine, mabuu yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo mtu aliyekula nyama mbichi humwambukiza hata jirani ambaye hajawahi kuionja.

Nyama ya kusaga ina jambo lake. Bakteria wengi hukaa juu ya mnofu, na moto wa nje huwaua. Nyama ikisagwa, wale wa juu huingia ndani. Marekani mwaka 1993 watoto wanne walikufa na mamia ya watu waliugua baada ya kula nyama ya kusaga ambayo haikuiva katikati. Tangu hapo kanuni ya huko ni nyuzi 71 za Selsiasi kwa nyama ya kusaga. Gisenyi, kwa sababu ya mwinuko wa karibu mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi takriban 95, joto ambalo bado linatosha kabisa.

Homa ya Bonde la Ufa

Kwa mfanyabiashara, somo kubwa zaidi limetoka Kenya. Mwaka 1931, katika Bonde la Ufa, wataalamu waliochunguza vifo vya kondoo shambani walitambua kirusi kilichopewa jina la eneo hilo. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania. Rwanda ilipigwa mwaka 2018 na tena 2022, hasa upande wa mashariki.

Homa hiyo huenezwa na mbu, lakini wengi wanaougua huipata kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: wanapochinja, wanapochuna, wanapokata, wanapomsaidia mnyama aliyeharibu mimba. Maziwa mabichi nayo hushukiwa. Kirusi huhitaji mwanya mdogo tu, kama mkato wa kisu kwenye kidole au tone la damu jichoni.

Hapo ndipo kupoza nyama kunapopata maana. Nyama ikining'inizwa kwenye baridi baada ya kuchinjwa hujenga asidi ndani yake, na asidi hiyo hupunguza nguvu ya kirusi. Baridi yenyewe huwazuia bakteria kuzaana. Kanuni za Rwanda, zinazosimamiwa na mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa walaji, RICA, zinataka nyama ipoozwe kabla ya kufika kwa mteja. Mazoea ya wateja wengi ni kinyume chake: wao huamini nyama yenye joto la mnyama ndiyo freshi, na ile iliyotoka kwenye jokofu wanaishuku. Mchuuzi hubaki katikati, kati ya kanuni na mteja.

Saa za mpaka ni saa za nyama

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Bakteria huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, yaani joto lote la beseni kuanzia asubuhi hadi jioni. Saa hizo mbili zinaweza kuishia kwenye foleni.

Mpaka huu umefundisha hilo kwa ukali. Julai 14, 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma. Agosti 1 mpaka ukafungwa kwa saa kadhaa, na waliokuwa na mizigo inayooza wakakwama upande waliokutwa. Machi 2020 ikaja korona. Juni 2022 saa za kufunga zikarudishwa nyuma hadi saa tisa alasiri.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mama mmoja amenunua kilo 20, na faida yake ni sehemu moja ya kumi ya bei ya ununuzi. Kilo mbili zikiharibika, atauza 18, na atapata pesa ya kilo 19.8 kwa bei aliyonunulia. Kilo mbili tu zimekula faida yote na kugusa mtaji. Ndiyo sababu kishawishi cha kuuza zilizoanza kubadilika rangi, kwa kuzichanganya na nzuri, hakiishi. Lakini mteja wa Birere akiugua, hukumbuka beseni alilonunua.

Karatasi zinazohitajika

Utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, huwapunguzia karatasi na ushuru wenye mizigo midogo iliyo kwenye orodha ya pamoja. Wengi hudhani unafuta kila cheti. Sivyo. Masharti ya afya ya mifugo yanabaki palepale, na kujiunga kwa Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuyafuta.

Kwa upande wa Rwanda, nyama inapaswa kutoka kwenye machinjio yaliyokaguliwa, ikiwa na muhuri wa daktari wa mifugo. Upande wa Kongo, idara zilizokuwa zikitambuliwa mpakani ni forodha (DGDA), uhamiaji (DGM), ofisi ya udhibiti wa bidhaa (OCC) na usafi wa mipakani. Anayedai malipo anapaswa kuulizwa karatasi yake, na anayelipa anapaswa kuondoka na risiti.

Anayepita njia za panya ili kukwepa ukaguzi huokoa ada, lakini hupoteza kitu kimoja muhimu. Nyama isiyo na muhuri ikikamatwa huteketezwa, na mwenyewe hana pa kulalamika.

Beseni, kisu na sabuni

Mambo yanayoweza kufanywa bila mtaji mkubwa yapo. Nunua nyama iliyopoozwa, na uiweke kwenye chombo chenye kifuniko na chupa za maji yaliyogandishwa. Tenga kisu cha nyama na kisu cha mboga. Funga kidonda chochote cha mkononi kabla ya kushika mzigo. Ndoo za kunawia zilizozoeleka mpakani wakati wa Ebola zifanye kazi hata kama hakuna mlipuko, na sabuni iwe ya kabla na ya baada. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isinunuliwe kwa bei yoyote. Kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla, huacha mbegu ambazo hata chungu cha kawaida hakiziui zote.

Linabaki swali la mwisho wa siku, kizuizi kikikaribia kufungwa na kilo tatu zikiwa bado zimo kwenye beseni. Kuirudisha nyama Gisenyi ni kuiingiza upya nchini, na kuilaza Birere bila jokofu ni kuuza hatari asubuhi inayofuata. Anayemjua mama wa mgahawa ng'ambo humwachia nyama hiyo ingali nzuri, hata kwa bei ya chini, iingie jikoni mara moja. Ikiwa imekwisha kubadilika harufu haitengenezwi na moto, kwa sababu sumu nyingine za bakteria hustahimili kuchemshwa. Kwa hiyo uamuzi huo lazima ufanyike mapema, kabla ya foleni ya kurudi nyumbani kuanza kujipanga.