Kutafuta Habari za Jamaa Waliokwenda Vitani

Wananchi wanaotafuta habari za jamaa waliotumikia King's African Rifles katika Vita Kuu ya Pili (1939–1945) wanashauriwa kuanza nyumbani. Cheti cha kuachishwa jeshi au barua ya zamani huweza kuonesha namba ya askari. Namba hiyo ndiyo ufunguo, kwani makarani waliliandika jina moja kwa namna nyingi.

Kisha waende Nyaraka za Taifa, Kilimani, na Nyaraka za Taifa zilizopo Upanga, Dar es Salaam, yalikohifadhiwa majalada ya tawala za Kijerumani na Kiingereza.

Aliyefariki hutafutwa, bila ya malipo, katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Wengine hawana kaburi: askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail, tarehe 12 Februari, 1944, wametajwa katika mnara wa kumbukumbu Nairobi.

Habari za mateka huulizwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva, ambayo hupokea maombi kwa vipindi maalumu. Mwombaji ataje jina kamili, jina la baba na mwaka wa kuzaliwa.

Kukosekana kwa jina katika daftari moja si ushahidi kwamba mtu hakutumikia.