Kambi ya Watoto Karibu na Bondeni

Neno "kambi" halikuanza vyema katika mji wa Nakuru. Wazee wetu walilijua tangu Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakati watu wengi walipoondolewa katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa wakapelekwa kuhojiwa na kuzuiliwa. Na Manyani na Hola ni majina ambayo hata leo hayatajwi kwa furaha. Sisi wenye umri wa miaka thelathini na kitu tulilijua mwishoni mwa Januari 2008, fujo za uchaguzi zilipoufikia mji wetu, na maelfu ya watu wakalala katika mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho. Mtu wa Bondeni akisikia kwamba watoto wanapelekwa kambini, hakosi kuuliza kwanza: wamefanya nini, au wamefanywa nini?

Kwa sababu hiyo napenda wasomaji wapate habari za kambi ya namna nyingine, iliyofanyika wakati wa likizo ya Agosti katika shule moja ya msingi karibu na Bondeni. Ni kambi ya siku sita. Waliianzisha wazazi na walimu wachache wasio na ofisi wala bendera, na kila mwaka huomba watu wazima wajitolee siku moja moja kuwasaidia. Mimi ni karani wa serikali. Nilitoa siku moja katika likizo yangu ya mwaka, nikafika langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katika nchi za Ulaya na Marekani mambo haya huitwa kambi za kiangazi, lakini Agosti ya Nakuru ni mwezi wa baridi na ukungu. Menengai haikuonekana kabisa, na watoto walikuwa wamevaa sweta mbili mbili.

Watoto hao walikuwa 42, wa umri wa miaka 9 hadi 12. Nusu yao walitoka Bondeni, Kaloleni na Kivumbini, mitaa yetu ya zamani. Nusu nyingine walitoka mashambani, upande wa Njoro, Molo na Kuresoi. Msomaji wa Bonde la Ufa hana haja ya kuelezwa kwamba Molo na Kuresoi ni mahali ambapo majirani walifukuzana mwaka 1992 na tena mwaka 2008. Basi magodoro yalipangwa madarasani kwa zamu, mtoto wa mjini kisha mtoto wa shambani, wala hawakuruhusiwa watoto wawili wa kijiji kimoja kulala pamoja. Niliambiwa kwamba usiku wa kwanza walilia watoto tisa. Usiku wa tatu hakulia hata mmoja, ila walimu ndio waliotaka kulia, kwa maana makelele hayakuisha mpaka saa tano.

Shauri hili la kuchanganya watoto si geni. Agosti 1907 Bwana Baden-Powell, ambaye baadaye alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa huko huko, aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wakakaa hemani kwa muda wa juma moja. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri kutoka shule za gharama kubwa, na wengine wana wa wafanyakazi wa mjini. Watu wa namna hizo mbili siku zile hawakula meza moja. Katika kambi ile ndimo ulimozaliwa uskauti, nao ulifika Kenya mwaka 1910, ingawa hapo mwanzo ulikuwa wa watoto wa Kizungu.

Kazi ya mwenye kujitolea ni ndogo kuliko anavyoidhania kabla ya kufika, tena ni ya kuchosha zaidi. Mimi sikuhutubia wala sikufundisha nyimbo. Nilipewa daftari lenye majina, na mbele ya kila jina kuna habari: huyu ana pumu na dawa yake iko kwa mwalimu, huyu hali maharagwe, huyu achukuliwe na shangazi yake peke yake na si mtu mwingine. Kisha nikagawa uji wa wimbi. Kisha nikasimama karibu na vyoo na kipande cha sabuni na jagi la maji, nikihakikisha kwamba hakuna mkono unaopita mkavu. Kuna sharti moja ambalo halivunjwi: mtu mzima hakai mahali pa faragha na mtoto mmoja, lazima wawe watu wazima wawili, au wote wawe mahali pa wazi. Mjitoleaji mmoja alinung'unika kwamba anashukiwa bure. Kwa maoni yangu sharti hilo ni la haki. Mzazi anayemtoa mtoto wake kwa siku sita anastahili zaidi ya ahadi ya mdomo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka wazi kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Jambo jingine lililonipendeza ni nyama. Ilinunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu, hivyo sufuria ikawa moja na watoto wote wakala pamoja. Hakuna aliyepelekwa pembeni na sahani yake.

Karibu saa tatu alifika nyanya mmoja kutoka mtaani, viatu vimelowa umande.

"Karibu, Shosho," nikamwambia.

"Asante, mwanangu. Nimekuja kumwona mjukuu wangu. Tangu niliposikia yuko kambini sikulala."

"Yuko salama. Yule pale, anakunywa uji."

"Uji hata kule tulipewa," akasema.

Sikuwa na la kumjibu. Wakati ule wa Hali ya Hatari yeye alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, lakini mambo mengine mtu huyarithi pamoja na jina. Nikamletea kiti. Alimtazama mjukuu wake akicheka na mvulana mwingine, akauliza yule mwingine ni mtoto wa wapi. Nikamwambia, wa Kuresoi. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akamwita mvulana yule, si mjukuu wake, akamwinamia kwa shida na kumfunga kamba za viatu zilizokuwa zikiburuta chini. Kisha akaomba kikombe cha uji, akaonja, akasema hauna sukari ya kutosha.

Saa nne tulipanda basi kwenda Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho umbali wa kilomita 4 hivi kutoka mjini, upande wa barabara ya Nairobi. Wengi wetu tumepita karibu nacho miaka yote bila kupanda. Mary Leakey alianza kuchimba pale mwaka 1937, akakuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu wa zama mbalimbali. Mwaka 1943 kilima kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria kuwa mahali pa kumbukumbu, na mwaka 1965 kikafunguliwa kwa watu wote. Watoto walielezwa kwamba wanawake wa kale walizikwa pamoja na mabakuli ya mawe, na wanaume hawakuzikwa nayo. Msichana mmoja wa Njoro akauliza kama maana yake ni kwamba hata ahera wanawake ndio wapishi. Mwongozaji alicheka, lakini sikumsikia akijibu.

Kilichowashika watoto hasa kilikuwa bao. Pana vishimo vya mchezo huo vilivyochongwa katika mwamba wenyewe, safu mbele ya safu. Mtoto mmoja alipiga kelele, "Hii ni giuthi!" Mwingine akamkatalia, "Hapana, ni ajua, babu yangu anayo nyumbani." Msichana wa Kiislamu kutoka Bondeni akawashangaa wote, kwa kuwa kwao ni bao na hapana jina jingine. Wakaokota vijiwe wakaketi kuzunguka mwamba, na hapo ndipo vita vilipoanza: kila mmoja alikuwa na sheria za kwao, wapi kete zinaanzia, lini mtu anakula, lini anasimama. Hakuna mtu mzima aliyeingilia. Baada ya nusu saa walikuwa wametunga sheria za nne, ambazo hazikuwa za kabila lolote, na zilikuwa ngumu kuliko zote tatu.

Tuliposhuka nikahesabu watoto, nikapata 41. Mwenzangu akahesabu, akapata 41. Neno la kuwa ulimi ulikauka ni la kweli, nimelihakikisha mwenyewe. Tukaita majina kutoka katika daftari na aliyekosa kuitika akajulikana mara moja: ni yule mjukuu wa Shosho. Alikuwa bado nyuma ya mwamba, amelala kifudifudi, anacheza bao peke yake kwa mikono miwili.

Kutoka juu ya kilima ziwa huonekana vizuri. Miaka elfu nyingi iliyopita Ziwa Nakuru lilikuwa kubwa mno, maji yakikaribia kukizunguka kilima hicho. Baadaye yalipungua, lakini tangu miaka ya 2010 yamepanda tena, yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama. Maji yakapoteza ukali wa magadi, na heroe wengi, ndege wale wa rangi ya waridi waliousifisha mji wetu, wakahamia Bogoria na kwingineko kutafuta chakula. Nyumba za watu nazo ziliingiwa na maji upande wa Mwariki na Barut. Mvulana mmoja alinyosha kidole kuelekea miti mikavu iliyosimama majini akasema kwamba nyumba yao ilikuwa huko. Yule wa Kuresoi akamwuliza kama walipewa nyingine. "Tumepanga chumba," akajibu. "Hata baba yangu alihama zamani," akasema wa Kuresoi, na wakaendelea kutafuta pimbi katika mapango ya mawe.

Jioni tulikula chapati, nikakabidhi daftari saa kumi na mbili na nusu, majina yote 42 yametiwa alama. Waandalizi wamesema kwamba kambi itakuwapo tena likizo ya Desemba. Wanahitaji watu wazima kumi wa kujitolea siku moja moja, mpishi wa pili, na magunia mawili ya unga wa wimbi. Wanatafuta pia mzee anayejua bao kwa uhakika, kwa maana watoto wawili wa Molo na mmoja wa Kaloleni wamekataa kabisa sheria zile za nne na wanataka shauri lisikilizwe upya.